Miaka miwili na Debian: mfumo unaouliza kabla ya kuchukua

Unaposakinisha Debian, mfumo huria wa uendeshaji wa kompyuta (yaani ambao yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa), baada ya diski kugawanywa na faili za msingi kunakiliwa, hutokea skrini moja ambayo wengi huipita bila kuisoma. Inauliza kama ungependa kompyuta yako iwatumie wasanidi, mara moja kwa wiki na bila kutaja jina lako, takwimu za vifurushi vya programu unavyovitumia, na jibu lililochaguliwa tayari ni hapana. Ukibonyeza kitufe cha kuendelea bila kufikiri, kama tulivyozoea, hakitumwi chochote. Nilikaa mbele ya skrini hiyo muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa kuwa mfumo niliokuwa nauhama uliwahi kuniuliza maswali ya namna hiyo saba au manane, yote yakiwa yamekwisha kujibiwa ndiyo kwa niaba yangu, na moja halikuwa na hapana kabisa, bali "nikumbushe baadaye".

Mimi si mtaalamu wa programu. Kazi yangu ni kuhariri nyaraka, na kompyuta yangu hufungua kivinjari, programu ya kuandikia na barua pepe kuanzia asubuhi hadi jioni. Niliuhama mfumo wa awali kwa sababu ulianza kudai niwe na akaunti ya mtandaoni ili niweze kuingia kwenye mashine iliyo mezani pangu, ukaanza kunionyesha matangazo pale ninapotafuta faili zangu mwenyewe, na mwishowe ukaniarifu kwamba toleo lijalo halitakikubali kichakataji changu, ilhali kompyuta haikuwa na kasoro yoyote. Hilo la tatu ndilo lililonichosha.

Kabla ya kusakinisha nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya: nilizisoma leseni zote mbili, ya mfumo wa zamani na GPL, ambayo ndiyo leseni ya kerneli ya Linux (kiini cha mfumo, kinachoongoza vifaa vya kompyuta) na ya programu nyingi zilizomo katika Debian. Ya kwanza ilijaa nisiyoruhusiwa kuyafanya hata nikiwa peke yangu chumbani. GPL, kwa upande wake, haijishughulishi na namna ninavyoitumia programu. Masharti yake huanza kunibana pale ninapompa mtu mwingine nakala, na kubwa miongoni mwayo ni kwamba nisimnyime haki nilizopewa mimi, ikiwamo haki ya kupata msimbo chanzo, yaani programu kama ilivyoandikwa na wasanidi. Hata hivyo nakiri kwamba kuna ibara moja ambapo leseni hizo ni kama mapacha: zote zinasema, kwa maneno mazito, kwamba mambo yakiharibika usitegemee fidia. Wanaohubiri programu huria huiruka ibara hiyo.

Debian yenyewe ilianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, na tangu mwaka 1997 ina Mkataba wa Kijamii ambao ndani yake wasanidi wanaahidi, pamoja na mengine, kwamba mfumo utabaki huria na kwamba hawataficha matatizo yake. Hakuna kampuni inayoumiliki. Kiongozi wa mradi huchaguliwa kila mwaka kwa kura za wasanidi, na mambo mazito huamuliwa kwa kura vilevile. Nilidhani hayo ni mapambo ya kisiasa yasiyomhusu mtumiaji wa kawaida, hadi nilipogundua kwamba kura moja kati ya hizo ndiyo iliyoniwezesha kuunganika na mtandao.

Maana nilikwishajaribu na kushindwa. Miaka kadhaa kabla ya hapo kisakinishi kiliniambia kwamba kadi yangu ya wai-fai inahitaji faili ya fimuwea, programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe, ambayo si huria, hivyo haimo kwenye diski, na kunitaka niilete kwa flashi nyingine. Kuipata faili hiyo kulihitaji mtandao, na mtandao ulihitaji faili hiyo. Nilikata tamaa siku ileile. Lawama ninamtupia zaidi mtengenezaji wa kadi, ambaye hajawahi kuuweka wazi msimbo wake, lakini kwa mtumiaji lawama haiunganishi kompyuta na chochote. Mwaka 2022 wasanidi wa Debian walipiga kura kukubali fimuwea za namna hiyo ziwemo katika diski rasmi ya kusakinishia, na toleo la 12, lililotoka Juni 2023, likaja nazo. Niliposakinisha mara ya pili wai-fai iliwaka bila swali. Wapo walioona kura hiyo kuwa usaliti wa misingi. Kwangu misingi ambayo mtu hawezi hata kuipakua haina faida kubwa, na ninashukuru kwamba mabishano yao yalifanyika hadharani, ambapo ningeweza kuyasoma kama ningetaka.

Kuhusu matumizi ya kila siku sina mengi ya kusema, na hiyo ni sifa. Mfumo haujawahi kujizima wenyewe kwa ajili ya masasisho nikiwa katikati ya kazi. Programu zake ni za zamani kidogo, kwa kuwa toleo imara likishatoka huwa halipokei matoleo mapya ya programu nyingi bali marekebisho ya usalama na ya hitilafu kubwa hadi toleo lifuatalo, takriban miaka miwili baadaye. Anayetaka kila kipya siku kinapotoka atateseka. Mimi ninahariri maandishi, herufi hazijabadilika. Kilichonikwaza ni skana, ambayo mtengenezaji wake hakutoa kiendeshi cha Linux, yaani programu ya kuuwezesha mfumo kuitumia, wala maelezo ambayo yangewawezesha wengine kukiandika, na ambayo sasa naitumia kupitia kompyuta ya ndugu yangu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi sheria ilivyojificha ndani ya mashine. Nina diski kadhaa za DVD zenye mihadhara niliyoinunua kihalali, na Debian haikuweza kuzicheza. Sababu haikuwa ya kiufundi. Diski hizo zimefungwa kwa usimbaji fiche, yaani yaliyomo yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo, na sheria ya hakimiliki ya kidijitali iliyopitishwa Marekani mwaka 1998 inakataza kusambaza zana za kufungulia kufuli la namna hiyo, hata kama anayelifungua ni mwenye diski. Jon Lech Johansen, kijana wa Norwei aliyehusika na programu ya kwanza mashuhuri ya kazi hiyo mwaka 1999, alishtakiwa kwao, na mahakama zikamwachia huru mara mbili mwaka 2003. Lakini hukumu ya Norwei haibadilishi sheria ya Marekani. Ndiyo maana Debian haiiweki maktaba ya kuzifungulia DVD (msimbo unaotumiwa na programu za kuchezea video) kwenye hazina yake ya programu. Inachoweka ni kifurushi kidogo ambacho, ukishakisakinisha, hukuambia uandike amri moja, kisha kompyuta yako yenyewe huuchukua msimbo chanzo kutoka kwingineko na kuijenga maktaba papo hapo, mistari ikipita kwenye skrini kama mvua. Baada ya dakika moja hivi mhadhara ukaanza. Nilicheka, kwa sababu wanasheria walikuwa wamelazimisha mzunguko mrefu ili nisikilize sauti ya mtu niliyekwisha kumlipa.

Wasanidi hawa walikuwa na uzoefu wa mizunguko ya aina hiyo. Katika miaka ya 1990, Marekani ilipohesabu programu za usimbaji fiche pamoja na silaha katika kanuni zake za kuuza nje, Debian iliziweka kwenye hazina ya pekee nje ya nchi hiyo, na hazikuunganishwa na nyingine hadi kanuni zilipokuwa zimelegezwa, katika toleo la mwaka 2002.

Na uhuru wenyewe una mlango ambao ufunguo wake hauko kwangu. Kompyuta nyingi za leo hukagua sahihi ya kidijitali kabla ya kuuruhusu mfumo wowote uwake, na ufunguo unaotambuliwa na karibu kila mtengenezaji ni wa Microsoft. Debian ilianza kuunga mkono ukaguzi huo katika toleo la 10, mwaka 2019, kwa kutumia programu ndogo ya kuwashia iliyotiwa sahihi na Microsoft. Mashine yangu iliyo huru, kwa hiyo, huanza asubuhi kwa kuonyesha kibali cha kampuni nyingine. Ukaguzi huo una manufaa ya usalama na unaweza kuzimwa kwenye kompyuta nyingi, lakini sioni kwa nini ufunguo wa dunia nzima ukae kwa mshindani mmoja.

Wengi huniuliza kama programu ambayo kila mtu anaweza kuichungulia ni salama. Jibu la kweli ni tukio la Machi 2024. Mhandisi Andres Freund, ambaye ni mwajiriwa wa Microsoft, alikuwa akifanya majaribio ya kasi kwenye toleo la Debian lililo bado jikoni, akaona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia salama ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakupuuza. Alifuatilia hadi akakuta mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia, uliopandikizwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana faili, na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amejipatia imani ya msimamizi aliyekuwa akiubeba mradi huo karibu peke yake. Toleo imara la Debian, ambalo ndilo nililokuwa nikilitumia, halikuwa limeguswa, kwa sababu ya ule ukongwe wake unaochekwa. Ningependa kusema kwamba uwazi ulituokoa. Ulichangia, kwa kuwa Freund asingeweza kufuatilia msimbo asiouona. Lakini nusu sekunde ile ingeweza pia kumpita. Kampuni kubwa zilizokuwa zikiitegemea xz hazikuwa zimemsaidia yule msimamizi aliyechoka, na hilo ni suala la kisiasa kuliko la kiufundi.

Usumbufu mkubwa kuliko yote nimeupata nje ya kompyuta yangu. Ofisi moja ya umma ilinitaka nijaze fomu ya PDF ambayo haifunguki isipokuwa kwa programu ya kampuni moja. Kwenye Debian ukurasa ulionyesha sentensi moja tu, ya kunielekeza niipakue programu hiyo, ambayo haina toleo la Linux. Niliomba nakala ya karatasi. Mhudumu aliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyefika akiwa amepanda punda. Muundo wa nyaraka ulio wazi, ODF, ni kiwango cha kimataifa tangu 2006, kwa hiyo ofisi ya umma inayomlazimisha raia kutumia bidhaa ya kampuni fulani haina kisingizio cha kukosa njia. Nafahamu pia kwamba kuhama si lelemama: jiji la Munich lilianza safari hiyo mwaka 2003, likahamisha maelfu ya kompyuta, kisha mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Jimbo la Schleswig-Holstein, hukohuko Ujerumani, lilitangaza mwaka 2024 kwamba linahamia LibreOffice, programu huria za kazi za ofisi, na baadaye Linux. Maamuzi yote matatu yalipitia kwa wanasiasa, si kwa mafundi.

Kinachonitia shaka zaidi kwa sasa ni sheria ya California iliyotiwa saini Oktoba 2025, itakayoanza kutumika tarehe 1 Januari 2027. Inamtaka mtoaji wa mfumo wa uendeshaji aulize umri wakati akaunti inapofunguliwa, kisha azipe programu ishara ya kundi la umri la mtumiaji. Lengo ni kuwalinda watoto, nami silibezi. Lakini sheria hiyo imeandikwa na watu waliokuwa wakiiona simu mkononi mwao, yenye duka moja na kampuni moja nyuma yake. Mtoaji wa Debian ni nani? Ni wale wa kujitolea takriban elfu moja waliotawanyika duniani, au ni mimi niliyejiwekea mfumo na mwenye uwezo wa kuliondoa swali hilo na kuujenga upya? Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya ustahimilivu wa mtandao ya mwaka 2024, ulikaribia kosa hilohilo. Miradi huria ikapiga kelele, Debian ikiwamo kwa tamko lililopigiwa kura Desemba 2023, na sheria ya mwisho ikawatenga wasioifanya kazi hiyo kibiashara na kuwawekea wasimamizi wa programu huria wajibu mwepesi zaidi. Angalau kule walisikilizwa kabla ya wino kukauka.

Mwezi Agosti 2025 lilitoka toleo la 13, nami nikahama wiki tatu baadaye. Kazi hiyo ilichukua jioni moja: nilibadilisha jina la toleo katika faili moja, nikatoa amri mbili, nikajibu maswali manne kuhusu faili za mipangilio nilizokuwa nimezigusa, nikawasha upya. Faili zangu zote zilikuwepo. Mwenye kompyuta ya biti 32 ajue kwamba toleo hili halina tena kisakinishi chake, kwa hiyo ile sifa ya kufufua mashine kuukuu ina mpaka. Na anayetaka kujaribu aanze kwa kuwasha mfumo kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, akague wai-fai, sauti, printa na namna kompyuta inavyolala na kuamka, na kama ana skana, aangalie jina la mtengenezaji kabla ya kuangalia jambo lingine lolote. Swali la takwimu bado lilikuwa na hapana ile ile nilipomsakinishia rafiki yangu mwezi uliopita. Safari hii nilimshauri achague ndiyo, naye akachagua.