TAHADHARI: kuna jamaa anauza skopu "za usiku" za 56 na ringi zake, ni feki

Wadau wa uwindaji habari zenu, hii naandika fasta kabla wengine hawajalizwa. Kuna muuzaji anazunguka na tangazo la skopu (darubini ya kulengea ya bunduki) ya 3-12x56, yaani inakuza mara 3 hadi 12 na lenzi ya mbele ni milimita 56, pamoja na ringi za kuifungia kwenye bunduki, anasema ni maalumu kwa mwanga hafifu na eti "inaona usiku", mimi nilicholetewa ni kanyaboya tupu na nilipomwandikia akasoma, akauchuna, baadaye akanibloku.

Hiyo ya kuona usiku sahauni. Skopu ya vioo vya kawaida haitengenezi mwanga, inapitisha ule uliopo tu, tena hata iliyo bora kabisa kuna unaopotea njiani. Ile betri anayoringia kwenye picha ni ya kuwasha kitone chekundu katikati ya msalaba wa kulengea, basi. Na hicho kitone ukikipunguza mpaka mwisho bado kinawaka kama taa ya breki, giza likianza kuingia kinakupofua na mnyama humwoni. Halafu lenzi ya mbele imepakwa rangi nyekundu ya kung'aa, kwenye picha inapendeza kweli, ila wekundu huo ni mwanga unaorudishwa nje badala ya kuingia ndani, ndo maana ukichungulia kila kitu kinakuwa kijani kijani na kiza.

Utapeli wenyewe hasa uko kwenye hiyo 56. Upana wa lenzi ya mbele ukiugawa kwa ukuzaji unapata upana wa mwanga unaotoka nyuma, kwa hiyo ukikuza mara 8, 56 gawa kwa 8 ni milimita 7, karibu sawa na mboni ya kijana ikifunguka gizani (umri ukisogea inapungua, wengi tunabaki na 5 hivi, kwa hiyo mzee mwenzangu hata 56 ya kweli ukiiweka x8 kuna mwanga unamwagika bure). Sasa iweke x8, ielekeze kwenye ukuta mweupe au mawingu, siyo jua jamani, ishike mbali na uso kama urefu wa mkono, utaona kiduara cheupe kwenye kioo cha nyuma, pima na rula. Cha huyu jamaa kiligoma kwenye 5. Yaani 5 mara 8, 40, ndani kuna kitu kimebana njia na lile lioo kubwa la mbele ni pambo, ama hiyo 8 iliyoandikwa nayo ni ya uongo, vyovyote vile umepigwa.

Ringi ndo kituko kabisa. Tangazo linasema bomba (mwili wa skopu unaobanwa na ringi) la 30mm, lililokuja ni la 25.4, sasa ili likae kwenye ringi za 30 wamejazia vipande vya plastiki humo ndani! Ukifyatua risasi chache skopu inateleza na shabaha yote uliyorekebisha imepotea. Chini zimechongwa za reli nyembamba ya 11mm, ile ya bunduki za upepo, wakati tangazo linasema Picatinny, ile reli pana yenye mikato. Tena ni fupi mno, lenzi pana namna ile inagusa mtutu kabla hujakaza kitu. Na skrubu ni laini, nilikaza ya kwanza kwa mkono tu wala si kwa nguvu, kichwa kikachubuka bisibisi ikawa inazunguka bure.

Jina anabadilisha kila mara ila picha ni zilezile, skopu juu ya kitambaa cha kijani. Kabla hujatuma hela mwombe video: rula kwenye kioo cha nyuma ikiwa x8, kipimo cha bomba, na ringi upande wa chini. Jamaa yangu mmoja aliiomba juzi, akajibiwa kwamba imebaki moja tu na kuna mteja mwingine yuko njiani anaifuata, lipa kwanza video itakuja.