TAHADHARI: Ukiambiwa "washa taa kubwa tuone moto wa betri", ondoka hapo

Jamani, naandika hii nikiwa na hasira mpaka vidole vinakosea herufi, na nusu ya hasira yenyewe ni ya mimi kwa mimi. Nimelizwa: nimeuziwa betri kuukuu ya gari kama mpya. Mimi huyu huyu niliyekuwa nawacheka wenzangu kwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Chekeni, nimestahili, ila mkimaliza kucheka someni mpaka mwisho.

Habari ya betri ya zamani ya pikapu yangu, iliyoanza kusuasua, mnaijua, sirudii. Aliyenielekeza kwa huyu muuzaji mnamjua pia, na naomba tumwache alivyo, sitaki vita nyumbani.

Nilifika pale asubuhi. Na shikeni hili moja: pikapu iliwaka yenyewe kutoka nyumbani. Kwa kusuasua, ndiyo, lakini iliwaka, ikatembea, ikafika. Nilichotaka ni kuuliza tu bei, maana safari ya Jumamosi ilikuwa inakuja na sikutaka kubahatisha. Jamaa akatoka ndani anafuta mikono kwa kitambaa. "Shikamoo mzee wangu." Ile shikamoo, ndugu zangu! Siku hizi vijana wanatuita "oya", huyu kainama kabisa. Nikaitikia marahaba, na nadhani moyo wangu alishauchukua pale pale.

Akafungua boneti, akaangalia, akatikisa kichwa kidogo. Hakusema kitu kibaya. "Mzee, zima injini, halafu washa taa kubwa, tuone moto wa betri." Nikazima, nikawasha taa. Basi akaanza stori. Injini hii ni nzima sana, umeitunza mzee. Unabeba nini hasa? Barabara ya huko kwenu bado mbovu? Hii ni dizeli, si ndiyo? Dizeli inataka betri ya maana, mgandamizo wake mkubwa, stata inavuta moto mwingi, halafu kuna zile hita za kupasha injini ikiwa baridi. Yote kweli! Hapo ndipo alipoonekana anaijua kazi. Tumesimama dakika ishirini tunaongea, taa zinawaka juani, na mimi hata sikuziona kwamba zinawaka.

Kisha akatoa mita. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Wala hakusema betri imekufa. Alinigeuzia kioo cha mita nikasoma mwenyewe: volti 11.8. Akanyamaza. Nikasema mimi, kwa mdomo wangu, "Kumbe imekwisha." Akaitikia kwa upole kama anayetoa pole msibani: "Imekwisha, mzee. Itakuacha njiani."

Taa zilikuwa bado zinawaka. Ukimwambia mtu apime betri huku taa kubwa zinainyonya kwa dakika ishirini, atasoma namba ya kutisha hata kwenye betri ambayo ingefaa miezi mingine kadhaa. Hilo nimelijua juzi. Siku ile nilijiona nimesoma mita, kwa hiyo nimejua.

Akaingia chumba cha nyuma, akakaa kama dakika tano, akarudi na betri kwapani. Kwapani! Betri ya saizi ya gari langu ukiibeba unabadilisha mkono njiani, zinakaribia kilo 20. Yeye kaja nayo kama mtu aliyebeba mkate. Nikajisemea, kijana ana nguvu. Akaiweka juu ya meza, akapachika mita: 12.9. "Umeona mzee? Hii imejaa mpaka inamwagika." Nami nikaigusa ubavuni, ikawa na vuguvugu. Nikadhani ni jua. Jamani, ilikuwa imetoka chumbani, gizani, jua lilitoka wapi? Ilikuwa imechomolewa kwenye chaja dakika ile ile.

Niseme kwa nini nilimwamini, maana najua mtauliza "na wewe ulikuwa unaangalia wapi". Nilikuwa naangalia mikono yake. Alifungua kwa utaratibu ambao hata mimi huwa nausahau: alianza na hasi. Akanieleza na sababu, kwamba ukianza na chanya huku hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi tu unapata cheche ya kukupofusha. Akasugua vibano kwa brashi ya waya, akamwagia maji ya magadi, ule unga wa kijani ukachemka povu, akafuta pakavu. Kwenye kufunga akaanza na chanya, akamalizia na hasi. Tapeli gani anafunga betri vizuri hivyo? Mimi najua matapeli wana haraka. Huyu hakuwa na haraka hata chembe. Vichwa vya betri, vile viwili vinavyokazwa waya, vilikuja na grisi nene tayari, nikaona kabisa huyu ni mtu wa kujali, anazuia kutu.

Kitu kimoja tu kilinigonga akilini nikakipuuza. Betri haikujaza trei. Ilibaki nafasi ya vidole vinne upande mmoja, na kile kibano cha kushikilia juu kikawa kinacheza. Akakata kipande cha kandambili kuukuu, akakichomeka, akagonga kwa kiganja. "Za siku hizi zinakuja fupi, mzee, ila nguvu ni ile ile. Teknolojia." Nikatingisha kichwa kama naelewa teknolojia. Kandambili! Halafu akaniambia nisivifungue vile vizibo sita vya juu, nikifungua waranti inakufa. Akaandika waranti ya mwaka mzima, akagonga muhuri, akanipunguzia kidogo kwa kumwachia ile betri yangu ya zamani. Hela niliyotoa sitaitaja hapa. Mke wangu anasoma.

Wiki ya kwanza, moto mzuri. Wiki ya pili nikaanza kusikia kitu kinagonga ndani ya boneti kwenye mashimo. Nikafungua, kandambili imedondoka na betri inatembea, kichwa cha chanya kimebakiza kidogo kigonge chuma. Nikairudisha na mpira mwingine. Bado nilikuwa namtetea! Nilisema moyoni, ah, kandambili ni kandambili.

Wiki ya tatu, alfajiri, mama mkwe yuko kiti cha mbele. Nimempakia mikoba yake, nimemfungulia mlango, nimejifanya mtu mwenye gari. Nageuza ufunguo: tik. Nageuza tena: tik-tik-tik-tik. Taa za dashibodi zikafifia zote pamoja. Kimya. Mama mkwe akatazama mbele tu, hakusema neno, na bora angesema. Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, nishuke?" Nilitamani ardhi ipasuke. Majirani watatu walisukuma, mama mkwe amekaa ndani kwa sababu nilikataa katakata asishuke, na gari halikuwaka mpaka tulipopiga jampa, yaani kuazima moto wa betri ya gari lingine.

Fundi wangu wa umeme, mnamjua asivyo na maneno mengi, alifanya kazi ya dakika kumi. Injini inanguruma, akapima: 14.2. Alteneta nzima, inachaji inavyotakiwa. Akazima, akaniambia niiache usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi: 12.1. Betri mpya iliyojaa na kupumzika hutulia 12.6 au zaidi kidogo. Kisha akaniambia nipige stata yeye akiwa ameshikilia mita, namba ikaporomoka hadi 7. Isishuke chini ya 9.6 hivi, alisema, na betri mpya haifiki hata huko. Akafungua vile vizibo nilivyokatazwa. Maji ya ndani yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Bamba za risasi zimechakaa, zinamwaga unga. Hiyo siyo betri ya wiki tatu, hiyo ni betri ya mzee.

Halafu akafuta ile grisi. Pale kwenye vichwa kulikuwa na michubuko ya duara, mmoja juu ya mwingine, alama za vibano vya magari mengine vilivyowahi kukaza pale. Nilizitazama zile alama nikajisikia kama nimevalishwa nguo ya marehemu.

Na lebo. Joto la injini lilishaanza kuinua kona moja. Nikaivuta kwa ukucha polepole, chini yake kuna lebo nyingine iliyopauka. Ya juu imeandikwa 95D31L. Fundi akauliza, "31 ni nini?" Nikasema sijui, modeli. Akachukua rula. Kumbe kwenye maandishi ya namna hiyo, ile 31 ni urefu wa betri kwa sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha upande wa vichwa. Betri yangu: sentimita 26. Hiyo lebo ilikuwa inaniambia uongo wake kwa tarakimu, na rula ya mtoto wa darasa la pili ingetosha. Nilikuwa na mtoto wa darasa la pili garini siku ile!

Nikarudi kwake. Hakukana kuniuzia, hapana, alinipokea na shikamoo ile ile. "Mzee, alteneta yako imeiua." Nikamwambia 14.2. Akasema labda kuna waya unavuja umeme usiku. Nikamwambia fundi amepima, hakuna. Akachukua karatasi ya waranti, akaisoma kama vile kaandika mtu mwingine, akasema: "Ah, hii haihusu magari ya mizigo." Pikapu! Aliniuzia betri ya pikapu, akaifunga kwenye pikapu kwa mikono yake, na waranti haihusu pikapu!

Huyu mtu afungwe. Sitaki kusikia "ni njaa", wote tuna njaa. Mimi ningempa adhabu yangu: kila alfajiri apelekwe kwa mmoja wa wateja wake asukume gari mpaka liwake, mwenyewe, bila msaidizi, mlimani, na mama wakwe wetu wote wamekaa ndani wanamtazama. Akimaliza huyo, kesho mwingine. Anyang'anywe mita! Anyang'anywe na ile shikamoo! Kuna watu wanabeba wagonjwa usiku kwa magari haya, betri ikikata porini ni maisha ya mtu, na yeye yuko chumba cha nyuma anabandika lebo.

Mnataka dalili, sawa, kwa haraka maana moyo unanienda mbio. Betri ipimwe gari limezimwa, taa zimezimwa, imepumzika, na yako na yake zipimwe kwa namna moja. 12.9 ya palepale siyo sifa, maana ile inayotoka kwenye chaja husoma juu kwa muda. Washa taa dakika mbili, zima, pima tena. Omba kuona tarehe iliyogongwa kwenye ganda lenyewe la betri, siyo kwenye karatasi (yangu ilikwanguliwa na msasa, pameachwa pamelainika kama kipara). Futa grisi uone vichwa. Rula. Isipokaa sawa kwenye trei, siyo yako, na habari za kandambili usizisikilize. Mengine nimesahau, nikikumbuka nitaongeza.

Jina lake sijaandika kwa sababu polisi wamesema nitulie kwanza, na pia ana majina matatu. Lakini mtamjua kwa shikamoo.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linaninyima usingizi. Siku ile nimerudi kugombana, nyuma yake kwenye rafu kulikuwa na betri zimepangwa, zinang'aa. Moja mpini wake umefungwa waya wa bluu. Ule waya wa bluu mnaujua, niliufunga mimi mwenyewe mpini ulipokatika, mkanicheka. Betri yangu. Ina lebo mpya, na vichwa vimepakwa grisi. Na nje, kijana mmoja amekaa kwenye pikapu yake, boneti limefunguliwa, mchana kweupe, taa kubwa zinawaka. Nilimpigia kelele azime. Akanitazama kama mwendawazimu, kisha akazima.

Hii niliyouziwa bado ninayo, na lebo zake zote mbili. Kama umenunua kwa huyu mtu, nitafute tuunganishe malalamiko. Njoo na rula.