TAHADHARI: Taa za video za "inchi 18" zinazouzwa kwenye magrupu ya Tanga

Wana Tanga, hasa mnaofanya vikao na usaili kwa video mkiwa nyumbani: kuna jamaa anatangaza ringi laiti (taa za duara) za inchi 18, wati 48, na stendi yake, kwa Sh 65,000. Anasema duka liko Ngamiani. Ukimwambia unakuja kuchukua mwenyewe, ghafla yuko Dar, tuma hela mzigo uukute stendi ya mabasi ya Kange.

Na mzigo unafika kweli, ndiyo maana watu hawashtuki mapema. Wa mdogo wangu ulikuja umeviringishwa nailoni nyeusi. Boksi lina stika ya 18. Bandua stika, chini yake pamechapwa 6. Taa yenyewe ni kama kisahani cha chai, na stendi ukiipachika simu inalala. Alipompigia akaambiwa, "Hiyo ni ya ofa dada, ongeza 20,000 nikubadilishie." Alipokataa, akapigwa bloku.

Hata bila kuiona, tangazo linajiumbua. Taa anasema inachomekwa kwenye chaja ya simu kwa USB. Chaja ya kawaida ya volti 5 na ampia 2 inatoa wati 10, basi. Hizo 48 zinatoka wapi?

Halafu mwanga wake unachezacheza. Ipunguze mwanga, ielekezee kamera ya simu: michirizi myeusi inapanda na kushuka. Kwa macho huioni, lakini kwenye kikao wenzako wataiona usoni kwako.

Anayetaka kununua, aende dukani iwashwe mbele yake, apime na futi (inchi 18 ni kama sentimita 46), adai risiti ya EFD. Wa mtandaoni akikataa kukupigia video taa ikiwa inawaka, achana naye. Na kwa vikao vya mchana wala huhitaji taa: kaa ukitazama dirisha, usiligeuzie mgongo. Usiku, elekeza balbu nyeupe ya LED kwenye ukuta mweupe ulio mbele yako, mwanga unakurudia usoni ukiwa laini.

Mliokwisha kulizwa, msifute chati wala meseji ya muamala. Ripotini namba yake TCRA kupitia 15040, kisha polisi. Ameshabadili picha ya profaili na sasa anauza maikrofoni pia, ila namba ni ileile.