Die Datenschleuder: kijarida kilichobeba alama ya kidole cha waziri

Ndani ya toleo la 92 la kijarida cha Die Datenschleuder, lililotoka Ujerumani Machi 2008, umebandikwa utando mwembamba wa plastiki usiozidi ukubwa wa ncha ya kidole. Ukiuinamisha kwenye mwanga unaona mistari yake imeinuka na kuzunguka kama mistari ya gogo lililokatwa. Mistari hiyo ni alama ya kidole cha Wolfgang Schäuble, aliyekuwa wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani wa Ujerumani, na ilinakiliwa kutoka kwenye glasi ya maji aliyoinywea katika mjadala wa hadhara mjini Berlin. Zilichapishwa nakala zipatazo 4,000, kila moja ikiwa na utando wake tayari kuvalishwa kidoleni. Mimi niliuona kwa macho yangu nilipokuwa Hamburg kimasomo, kwa rafiki yangu mmoja fundi wa redio ambaye anaitunza nakala hiyo ndani ya bahasha na hajawahi kuubandua utando wenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa msomaji wa kijarida hiki, wa matoleo mapya na ya zamani, na ninakiandikia tathmini hii nikiamini kwamba kinatuhusu kuliko inavyodhaniwa.

Kinachokitoa ni Chaos Computer Club, jumuiya ya wadukuzi wa kompyuta iliyoanzishwa Berlin ya Magharibi Septemba 1981, wakati kompyuta ya nyumbani ilikuwa bado kitu cha wachache, na ambayo leo ina matawi katika miji mingi pamoja na karakana za pamoja ambamo mtu huingia na kifaa kibovu akatoka akijua kilivyoundwa. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1984, na mmoja wa waliolisimamia ni Wau Holland, mwasisi wa klabu, aliyefariki mwaka 2001. Jina lenyewe lina maana ya kombeo la data. Makala huandikwa na wanachama na marafiki zao, nao wahariri hufanya kazi hiyo kwa kujitolea, wakishamaliza shughuli zinazowapa riziki. Katika Kiswahili tumezoea kumwita mdukuzi mtu anayeiba nywila na kufilisi akaunti za watu, na sina ugomvi na matumizi hayo, lakini msomaji wa kijarida hiki atakutana na mtu wa namna nyingine: anayekifungua kitu ili akijue, na akishakijua anajiona ana deni la kuwaeleza wengine. Kanuni inayorudiwa na jumuiya hiyo tangu miaka ya 1980 ni kwamba taarifa za umma zitumiwe na taarifa za mtu binafsi zilindwe.

Toleo la 92 linaiweka kanuni hiyo kwenye mizani mizito. Tangu Novemba 2007, pasipoti za Ujerumani zilianza kubeba alama za vidole, na waziri huyo alikuwa mstari wa mbele katika kuitetea hatua hiyo. Wahariri wangeweza kuandika kurasa kumi za kueleza kwamba alama ya kidole haifai kuwa ufunguo kwa sababu mtu huiacha kwenye kila anachokigusa, na wasomaji wangekubali, kisha wangesahau. Badala yake waliuweka ushahidi wenyewe mkononi mwa msomaji. Hata hivyo, jambo hilo halikunikalia vyema mara moja. Nywila ikivuja hubadilishwa jioni hiyohiyo, ilhali kidole mtu huzaliwa nacho na huzikwa nacho, kwa hiyo kusambaza kidole cha mtu katika nakala 4,000 ni kumtendea jambo lisilorudi nyuma. Nimelipima kwa muda mrefu, na leo ninasimama upande wa wahariri, kwa sababu aliyetendewa alikuwa kiongozi aliyetaka mamilioni ya raia wavitoe vidole vyao kwa dola, naye alikuwa na uwezo wa kuwajibu. Angekuwa mtu wa kawaida, ningelihesabu toleo hilo kuwa dhuluma.

Ubora ninaouthamini zaidi katika kijarida hiki ni kwamba waandishi wake hawakuombi uwaamini. Maelezo ya namna ya kunakili alama ya kidole, ambayo klabu iliyachapisha tangu 2004, yanaweza kufuatwa na mtu yeyote mwenye subira, nami niliyafuata kwa kidole changu mwenyewe. Nilishika glasi safi, nikaifukiza kwa mvuke wa supaglu mpaka alama ikageuka nyeupe, nikaipiga picha, nikaisafisha mistari yake kwenye kompyuta, nikaichapa kwenye karatasi ya plastiki angavu kwa printa ya leza. Wino wa unga ukishayeyushwa na printa na kuganda hubaki umeinuka kidogo, na hicho kimo kidogo ndicho kinachohitajika. Nikapaka juu yake gundi nyeupe ya mafundi seremala, nikangoja ikauke usiku kucha, nikaibandua. Mara mbili ilichanika. Ya tatu ilitoka nzima, laini na angavu, na nilipoivalisha kwenye kidole kingine na kukiweka juu ya mashine ya zamani ya mahudhurio niliyoinunua mtumba, taa ya kijani iliwaka na jina langu likatokea. Nilirudia mara nne kabla sijakubali nilichokiona. Mwaka 2013 mwanachama mmoja wa klabu hiyo, Jan Krissler, alitumia njia inayofanana na hiyo kukipita kisoma-kidole cha iPhone 5s siku chache tu baada ya simu hiyo kuingia sokoni, kwa hiyo haikuwa udhaifu wa mashine kuukuu peke yake.

Kwa nini nasema kinatuhusu? Mwaka 2019, Tanzania ilipoanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole kuanzia tarehe 1 Mei, nilimsindikiza mama yangu kwa wakala wa kampuni moja ya simu. Mama amepalilia na kufua kwa mikono kwa zaidi ya miaka arobaini, na mistari ya vidole vyake imelika. Kijana aliyekaa chini ya mwavuli alimfuta kidole gumba kwa kitambaa, akakipaka mafuta kidogo, akakibonyeza, akajaribu cha shahada, akajaribu cha kati, na kila mara mashine ilikataa. "Mama, mashine haikutambui," alimwambia kwa upole, naye mama akaitazama mikono yake kana kwamba imemkosea mtu. Tulirudi mara tatu kabla kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakijakubaliwa. Usiku ule gundi ya seremala ilipowasha taa ya kijani mezani kwangu, niliikumbuka mikono ile. Mashine hazikuwa za aina moja, lakini swali ni lilelile: kifaa kinaweza kumkataa mwenye kidole na kukikubali kivuli cha kidole, na bado tukakipa kazi ya kuamua nani ni nani. Tanzania ilipata sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022 na Kenya ilikuwa imeipata yake mwaka 2019, lakini sheria haielezi mstari wa kidole unavyosomwa wala unavyoghushiwa. Kazi hiyo ya kueleza ndiyo inayofanywa na kijarida cha namna hii.

Matoleo ya miaka ya mwanzo yana ladha yake, na ningemshauri msomaji asiyaruke. Kurasa zake ni za taipureta na printa za wakati huo, zimekatwa na kubandikwa kwa mkono, na unaona wazi kwamba watu waliokuwa wakiandika hawakuwa na fedha bali walikuwa na haraka ya kusema. Wakati huo shirika la posta la Ujerumani Magharibi ndilo lililohodhi simu, na kuunganisha kifaa chako mwenyewe kwenye laini kulikuwa kosa. Jumuiya hiyo ilijibu kwa mchoro wa modemu, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, iliyoitwa Datenklo, yaani choo cha data, kwa kuwa vikombe vilivyobana mkono wa simu viliundwa kwa mipira ya kuzibia mabomba ya choo, inayopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Novemba 1984 wakaonyesha udhaifu wa Btx, huduma ya posta ya kusoma kurasa kwenye televisheni kupitia simu: kwa kutumia nywila ya benki moja ya Hamburg waliuita ukurasa wao wenyewe wa kulipia, marki 9.97 (marki ndiyo iliyokuwa sarafu ya nchi hiyo) kila mara, usiku mzima, mpaka karibu marki 135,000 zikaandikwa kwa jina la klabu. Walilitangaza jambo hilo wenyewe mbele ya vyombo vya habari na fedha zikarudishwa. Kuyasoma mambo ya miaka ile katika maandishi ya wahusika wenyewe, yakiwa na haraka na majivuno kidogo, kunakupa kitu ambacho muhtasari wa miaka arobaini baadaye hauwezi kukupa.

Kasoro zipo, na nyingine ni kubwa. Kijarida hakina ratiba ya kuaminika; ukichukulia kwamba toleo la 92 lilifikiwa baada ya miaka 24, huo ni wastani wa chini ya matoleo manne kwa mwaka, na katika miaka ya karibuni pengo kati ya toleo na toleo limekuwa refu zaidi. Lugha ni Kijerumani, tena Kijerumani cha watu wanaofahamiana, kilichojaa mizaha ya ndani na majina ya mkato ambayo hayaelezwi popote. Miaka yangu mitatu ya kuishi na lugha hiyo haikutosha, na mara kwa mara nilimpigia simu rafiki yangu wa Hamburg kumuuliza sentensi moja tu. Viwango vya makala vinapishana sana: moja inakueleza saketi kwa utulivu wa mwalimu, inayofuata ni malalamiko yaliyoandikwa usiku wa manane na hakuna mhariri aliyepata moyo wa kuyafupisha. Ninalisamehe hilo kuliko ninavyousamehe ufinyu wa lugha, maana jumuiya inayosema habari haipaswi kuzuiwa na mipaka ingefanya vyema kuwa na japo kurasa chache za tafsiri.

Upatikanaji wake ni mzuri. Wanachama hutumiwa kijarida cha karatasi kwa posta, na matoleo ya zamani yamewekwa na klabu kwenye intaneti kama faili za PDF, bila malipo na bila kutakiwa kujisajili. Faili za miaka ya 1980 zimeskaniwa kutoka kwenye karatasi, na baadhi ya michoro ya saketi haisomeki hata ukiikuza, kwa hiyo mtu anayetaka kuunda kitu kutokana nayo ajiandae kubahatisha thamani za vipuri. Anayejua Kijerumani kidogo aanze na toleo la 92, kisha arudi nyuma hadi 1984. Asiyekijua kabisa amtafute mtu wa kusoma naye, kama mimi na mafundi wawili wa simu wa mtaani kwetu tunavyofanya Jumamosi jioni: mimi nasoma na kutafsiri, wao wanashika bisibisi, na toleo moja hutuchukua wiki tatu.