Kozi fupi ya usimamizi wa miradi: darasa zuri, ofisi ya usajili ndiyo mtihani

Niliwahi kukiona chuo hiki kabla ya ukarabati, kwa hiyo nina cha kulinganisha. Mlango wa maktaba sasa una njia ya mteremko kwa wenye viti vya magurudumu, na kila meza ya kusomea ina soketi yake. Kwa sisi tunaotoka kazini jioni simu zikiwa taabani, hilo si jambo dogo. Vyoo navyo vina maji. Upande wa maabara mafundi bado wanagonga, utazoea.

Kozi yenyewe imenilipa. Mwalimu alitupa mradi wa kukarabati zahanati, akatufungisha kompyuta, akasema tuchore kwa mkono chati ya Gantt, yaani mchoro wa mistari unaoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini. Hapo ndipo nilipoona kwamba rangi ya uzio ikichelewa siku mbili hakuna kinachoharibika, ila zege lisipokomaa kila fundi anakaa kusubiri. Kazini nilikuwa nakabidhiwa ratiba na kuifuata tu. Sasa najua pa kubana na pa kulegeza.

Somo la bajeti lilikimbizwa mno, slaidi juu ya slaidi. Na ofisi ya usajili, jamani! Unajaza fomu mtandaoni, kisha unaambiwa uichapishe uilete mkononi. Cheti ni cha kuhudhuria tu, hakuna mtihani, basi muulize mwajiri wako kama anakitambua kabla hujalipa. Ukipata nafasi, chukua kundi la jioni: ni dogo, na mwalimu anapita meza kwa meza.