Chumba masta au chumba cha kawaida Dar es Salaam?

Dalali akikuonyesha masta (chumba chenye choo ndani) ya 150,000 kwa mwezi, piga hesabu yote. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi 6 unatoa 900,000, na dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja: jumla 1,050,000 kabla hujanunua hata ndoo. Chumba cha kawaida cha 70,000, kwa masharti hayohayo, ni 490,000. Nafuu kubwa.

Ila choo ni cha kushirikiana, na LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya kuchangia huleta ugomvi, hasa jirani akiwa na friji na wewe una taa tu. Masta ina choo chake ndani. Ulizia kama ina mita yake pia.

Kwa anayeanza kazi, ningechagua cha kawaida, mradi maji yanatoka.