Likeri za Mitishamba: Chupa Ipi Inunuliwe Kwanza

Likeri ya mitishamba ni pombe kali iliyolowekwa majani, mizizi, maganda na mbegu, kisha ikatiwa sukari. Kwa kuwa chupa nyingi za aina hii huuzwa pamoja na hadithi ya mtawa na siri ya kale, ni afadhali mnunuzi apime ladha na nguvu ya kileo kabla ya kuvutiwa na maandishi ya lebo.

Nafasi ya kwanza naipa Chartreuse ya kijani, yenye kileo cha asilimia 55. Hati ya mapishi yake walikabidhiwa watawa Wakartusi wa Ufaransa mwaka 1605, lakini ilikuwa na utata mwingi kiasi kwamba dawa ya kwanza iliyotokana nayo haikukamilika hadi mwaka 1737. Walipofukuzwa nchini mwao mwaka 1903, walihamia Tarragona, Hispania, wakaendelea kuikeneka huko. Hutumia mimea 130, na rangi yake ni ya mimea hiyo hiyo, nayo hufifia juani; kwa hiyo chupa iliyoanikwa juani kwenye dirisha la duka isinunuliwe. Ukitaka kujua umri wake, tazama msimbo unaoanza na herufi L, uchukue tarakimu tatu za mwanzo na kuzijumlisha na 1084, mwaka ambao shirika lao lilianzishwa: 937 ni mwaka 2021. Kasoro yake ni uhaba, kwani mwaka 2019 watawa waliamua kutoongeza uzalishaji ili sala isimezwe na biashara.

Asiyeipata, au anayeanza tu, achukue Becherovka ya Karlovy Vary, Ucheki, ambayo Josef Becher alianza kuiuza mwaka 1807 kama dawa ya tumbo. Ina asilimia 38, na yeyote aliyezoea karafuu na mdalasini ataitambua ladha yake tangu tone la kwanza. Wenyeji huichanganya na toniki, yaani soda chungu, na barafu.

Ya tatu ni Bénédictine ya Fécamp, Ufaransa, tamu kama asali, yenye mimea na viungo 27. Inasimuliwa kwamba mtawa mmoja aliibuni mwaka 1510. Anayejulikana kwa hakika ni Alexandre Le Grand, mfanyabiashara wa mvinyo, aliyeiingiza sokoni mwaka 1863. Hadithi hiyo naihesabu kuwa tangazo, ingawa kinywaji chenyewe hakina ubaya.

Fernet-Branca ya Milano, ya mwaka 1845, inawafaa wasioogopa uchungu, nayo kwa kweli imetiwa shubiri. Waajentina huilainisha kwa kola.

Mwisho naiweka Jägermeister ya Wolfenbüttel, Ujerumani, iliyotoka mwaka 1935. Viambato vyake 56 hufunikwa na sukari, na ndiyo sababu hunyweka vizuri zaidi ikitoka moja kwa moja kwenye friza.